Tundu mu Habari ya Kona

Tundu yenyewe haikuwa kubwa. Urefu wake kidole ya mutu muzima, upana wake sanduku ya kiberiti. Lakini Alhamisi ile asubuhi, mbele ya depo ya chumvi ya Kataliko, mu commune ya Makiso, watu makumi tatu walikuwa wamesimama wanaiangalia, na hata mumoja hakuwa anasoma habari.

Adeline aliwaona tangu mbali. Alikuwa anakuja kuchukua chumvi yake ya juma, beseni tupu ku kichwa, na wazo ya kwanza yenye ilimuingia ni kwamba mutu amekufa. Mwaka ule wa 2001, mu Kisangani, watu wakisimama pamoja bila kununua kitu, unauliza kwanza nani amekufa.

"Hakuna mutu, Mama Prudence," Idrissa alimwambia. Idrissa alikuwa wa toleka, anabeba watu nyuma ya kinga yake, baiskeli yenyewe, lakini asubuhi wateja wakiwa kidogo alikuwa anawasomea watu gazeti kwa sauti, bure. "Ni tundu. Bwana yako ametoboa gazeti."

Gazeti yenyewe ilikuwa karatasi ine juu ya mbao moja, mbao imepigiliwa ku ukuta ya depo. Jina yake *Habari ya Kona*. Vita ilikuwa imefunga mto, boti ya Kinshasa haikuwa inapanda tena, magazeti hayakuwa yanafika. Donc Élie, bwana ya Adeline, mwalimu mwenye mashini ya kuandika na mushahara ya hewa, alikuwa anaipiga mwenyewe kila Jumatatu: ndege gani ilitua, sabuni imefika bei gani, nani amekufa, mutoto gani amepotea na alikuwa amevaa kaptula ya rangi gani. Chini kabisa alikuwa anaacha nafasi nyeupe, na juu yake herufi kubwa: WEWE UNASEMA NINI? Crayon ilikuwa inaning'inia pale na kamba ya mpira, ile ya tairi ya ndani ya kinga. Mutu mwenye iko na neno anaandika, anatia jina yake na kartye yake, fasi anaishi.

Kila jioni Élie alikuwa anapita kusoma yenye watu wameandika. Yenye inatukana mama ya mutu, yenye inataja askari na bunduki yao, anaifunika na kipande ya karatasi nyeupe na kole, ile gundi ya unga ya muhogo yenye Adeline alikuwa anamupikia mu kisufuria. Watu walizoea. Karatasi juu ya neno ilikuwa kama kitambaa juu ya maiti: unajua kuna kitu chini, unapita na heshima.

Lakini Jumatano Adeline alikataa kupika kole. "Unga ni ya kula," alisema, na alirudisha kifuniko ya ndoo kwa nguvu. Élie hakubishana. Alichukua wembe, alitoka.

Njo vile tundu ilizaliwa. Na sasa, pembeni yake, crayon ilikuwa imefanya kazi usiku na asubuhi:

*Tundu, niko nyuma yako. Musafiri, Kabondo.*

*Kweli kabisa. Kwetu pia walifanya hivyo hivyo. Angèle, Mangobo.*

*Tundu, solo mpenza, kweli tupu! Mutu wa bandari.*

"Soma tena!" mama moja wa ndizi aliomba.

Idrissa alianza tena tangu juu: ndege, sabuni, maiti, kaptula. Alipofika ku tundu alinyamaza, alitoa kofia, alihesabu polepole mpaka tatu, alirudisha kofia, aliendelea. Watu walicheka mpaka kushikana mabega. Mwenye kuoka mikate alikuwa amekwisha kusema tundu haihusu mikate yake, na hakuna mutu alikuwa amemuuliza. Mwimbishaji wa korali aliapa hata hakumugusa yule binti. Ukisimama pale nusu saa, ulikuwa unajua zambi ya muji muzima bila hata herufi moja.

Adeline pia alicheka. Alicheka mpaka alipoona yaya yake ku mulango ya depo. Kataliko, kaka yake mukubwa, mutoto wa kwanza wa mama yao, hakuwa anacheka.

"Leki," alisema, vile mutu anaita mudogo wake, "bwana yako ameniletea soko mbele ya mulango, na hainunue kitu."

---

Mbele ya saa tano, malette ilifika, ile sanduku ndogo ya karatasi za ofisi. Nyuma ya malette alikuwa Daudi, chef de bureau wa ile ofisi yenye ilikuwa inatoa ruhusa ya kuandika. Tangu vita ianze, wakubwa wa muji walikuwa wamebadilika mara tatu. Ofisi ilibaki, malette ilibaki, na Daudi alibaki.

"Nani mwenye hii tundu?"

Watu makumi tatu walikuwa sasa kumi na moja. Élie alifika wakati ile ile, jasho mbele, chaki ku mikono, juu ya vile mutu alikuwa amekimbia kumuita ku masomo.

"Ni yangu, chef."

"Ndani yake kulikuwa nini?"

"Neno ya mutu. Haikuwa ya kubandika."

"Juu ya nani?"

"Juu ya mutu."

"Mutu mukubwa?"

Élie aliangalia Kataliko ku mulango, na aliinamisha macho. Adeline aliona ile jicho. Hakuielewa, lakini aliiweka mu moyo.

"Mukubwa ya kadiri," Élie alisema.

Daudi aliweka malette chini, kama mutu mwenye amechoka tangu alizaliwa. "Papa Élie, unisikie vizuri. Mutu akiandika uongo hapa, nasoma, najua ni uongo, napumua. Lakini tundu! Nitaenda kuambia mukubwa yangu nini? Yeye anasema tundu inamuhusu yeye. Anasema watu wanaongea juu ya yale mabati."

"Mabati gani, chef?" Idrissa aliuliza na heshima yote.

Daudi alifunga kinywa. Ilikuwa imechelewa. Watu kumi na moja walikuwa tayari wanaangaliana, na mbele ya saa sita mabati yale yalifika mpaka ngambo ya mto bila kulipa pirogi ya kuvuka.

"Jumamosi, saa sita ya muchana, hapa hapa," Daudi alisema. "Nataka ile kipande yenye ulikata. Ikikosa, mbao inafungwa, na wewe unanifuata ku biro na brosse yako ya meno."

Hakuna mutu alicheka. Mutu akiitwa ku biro na brosse ya meno, muswaki mu mufuko, hatalala kwake siku ile, na mara ingine hatalala kwake mwezi ule.

---

"Kipande iko wapi?" Adeline aliuliza.

Walikuwa wamerudi kwao, commune ya Tshopo, mu nyumba yao ya vyumba viwili yenye meza ya biashara mbele: makala, kiberiti, vitunguu, na beseni ya chumvi, imejazwa asubuhi ile ku depo, yenye njo ilikuwa inawalisha.

"Nilichoma."

"Wewe? Wewe mwenye unaweka mpaka leo risiti ya sabuni ya ndoa yetu?"

Élie alianza kutafuta miwani yake, na miwani ilikuwa ku pua. Adeline alienda moja kwa moja ku kamusi kubwa ya Kifaransa. Miaka yote Élie alikuwa anasema: mutu akiandika, ameandika, naweza kumufunika lakini siwezi kumutupa. Donc neno yote yenye alikuwa amefunika, akibandua gazeti ya zamani aliikata na kuilalisha ndani ya kamusi. Alifungua, alitikisa. Matusi ya mwaka muzima ilianguka ku sementi kama majani ya muti. Kipande ya mwisho haikuanguka. Ilikuwa imekazwa vizuri, ku ukurasa ya neno «sel», yaani chumvi. Mwalimu ni mwalimu: hata akificha chumvi, anaificha ku herufi yake.

Adeline alisoma:

*Wanunuzi wa chumvi ku depo ya Kataliko: mugeuze kopo, muangalie chini. Françoise, Mangobo.*

Alisoma mara mbili.

"Ni uongo. Yaya hawezi."

"Sikusema ni kweli."

"Alors, juu ya nini ulikata?"

"Juu ukuta ni yake. Karatasi njo yeye anatoa. Tangazo ya sabuni yake njo inalipa wino. Na wewe ni dada yake." Élie alitoa miwani, alifuta na shati. "Neno ya kutukana mama ya mutu, naifunika na moyo mweupe, nalala. Hii nilikata mbio mbio, bila kusoma mara ya pili. Mutu mwenye iko na haki hakate mbio mbio, Mama Prudence."

"Ungeniomba kole."

"Nilikuomba."

Inje mutu alipiga hodi. Ilikuwa Djamila, jirani wa ukuta moja, mutoto wa zile familia za kiislamu za zamani za muji, mwanamuke wa maneno kidogo na kitenge safi. Alikuja kununua chumvi ya pondu yake, ile majani ya muhogo ya kupika, kama kila siku.

Adeline alitoka. Alitia kopo mu beseni, aliijaza, aliipangusa juu na kiganja, na mukono ilisimama pale pale.

Ile kopo hakuwa ameigeuza hata siku moja. Mama yao, kule Butembo, alikuwa amewafundisha: kopo ya chumvi inakaa ndani ya chumvi, muchana na usiku. Ukiigeuza chini juu, unaita njaa. Kataliko alifundishwa vile vile, na mama moja, mu jikoni moja.

"Mama Prudence, unaumwa?" Djamila aliuliza.

Adeline alimwaga chumvi mu beseni, na aligeuza kopo.

Chini yake ilikuwa imeingia ndani kama kisahani. Alipitisha kidole ndani: kitovu. Kitovu kubwa, ya duara, imegongwa na nyundo pole pole na mutu mwenye anajua kazi yake. Pembeni ya kitovu chumvi ya zamani ilikuwa imeganda na kukauka, juu miezi yote hakuna mutu alikuwa ameisumbua.

"Uko na kopo kwako?" aliuliza.

"Niko na ile ya mama yangu. Ya kupima muchele."

"Niletee."

Djamila alileta. Kopo ilikuwa ya zamani, ya ukubwa ule ule, lakini chini yake sawa kama meza. Adeline alijaza yake, aliimwaga ndani ya ile ya zamani. Chumvi ilipanda, ilipanda, ilisimama. Ilibaki vidole vitatu. Wote wawili waliangalia vile vidole vitatu vya hewa.

"Tangu wakati gani?" Djamila aliuliza.

"Tangu yaya alinipa hii kopo. Mbele ya Noeli."

Djamila alihesabu ku vidole vya mukono, bila haya. "Miezi saba."

"Sikujua. Nakuapia, Mama Djamila, sikujua."

Adeline alijaza kopo ya zamani mpaka ikafanya mulima juu, alifunga chumvi mu karatasi. Djamila aliipokea. Aliacha kopo yake ku meza. Alikaza kitenge yake, alienda.

---

Ijumaa asubuhi Adeline alifika ku depo na kopo chini ya kitenge, kama mutu mwenye ameiba.

"Yaya, hii kopo wewe njo ulinipa."

"Ee. Na sikukulipisha."

Aliigeuza juu ya meza. Kataliko aliangalia kitovu, aliangalia mulango.

"Funga kwanza mulango, leki." Alikaa juu ya mufuko, na mufuko ililia. "Bon. Chumvi inatoka Goma na ndege. Wa ndege anakula. Wa uwanja anakula. Wa barrière anakula. Hata hewa ya hapa, na unyevu yake, inakula. Wote wanakula ndani ya mufuko yangu. Ulitaka miye nikule wapi? Nikipandisha bei, watu watanipiga mawe, watasema ona huyu Munande, mugeni wa Butembo. Kopo inapandisha bei bila kelele. Ni kama niliwahurumia."

"Na miye? Miye pia ulinihurumia?"

"Wewe nilikupa ili upate kidogo. Bwana yako halipwe. Ilikuwa zawadi."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia, ungekataa. Nakujua. Donc nilikusaidia bila kukusumbua."

Adeline alirudisha kopo chini ya kitenge. Mutu akikuibia, unajua kulia. Mutu akikufanya mwizi kwa upendo, unaanzia wapi?

Kataliko alivuta kiti karibu. "Sikia. Yule Daudi anataka karatasi yenye inaingia ku tundu. Haombe kweli, anaomba ukubwa ya tundu. Mwambie Élie aandike ingine. Aseme wa toleka wanapiga kengele sana mbele ya kanisa. Daudi atacheka, atarudi kwake, ukuta itabaki, karatasi itabaki. Na wewe kesho unapeleka kwako mufuko muzima. Ya bure. Hata bila kopo."

Mufuko muzima ya chumvi, mwaka ule. Adeline aliiangalia pale ilikuwa imesimama, na tumbo yake ilikwisha kugawa: masomo ya mutoto wao Prudence, mafuta, dawa ya Élie ya kifua. Alitoka. Njiani aligundua kwamba hakusema hapana.

Jioni alimwambia Élie yote, kama mutu anasoma barua ya mwingine. Élie alisikiliza mpaka mwisho. Halafu alivuta taa, alitwaa crayon, aliandika na herufi ya kuinama, herufi yenye haikuwa yake: *Wa toleka wanapiga kengele sana saa ya misa. Mukristu wa Plateau.* Alipima na rula, alikata na wembe.

"Inaingia sawa sawa," alisema, na ile furaha ya mwalimu mwenye hesabu yake imetoka. Halafu furaha ilimutoka ku uso. Aliweka mikono chini ya meza.

"Nimefunika watu mia, Mama Prudence. Labda mia mbili. Lakini kutia neno mu kinywa ya mutu, hapana, hata siku moja. Ona vile nimekuwa fundi mara ya kwanza tu."

Adeline alizima taa. Kesho yake ilikuwa Jumamosi.

---

Asubuhi Élie alikuta mufuko ndogo ku kitanda. Ndani: brosse ya meno, kipande ya sabuni, shati moja, dawa ya kifua.

"Unanifukuza?"

"Nakutayarisha. Ukibandika ile ya kengele, hutaihitaji. Ukibandika ya Françoise, sijui."

"Wewe unataka nibandike gani?"

"Miye siko rédacteur wa gazeti," Adeline alijibu. Alikuwa ameinama juu ya moto, anakoroga kisufuria na kijiti. Élie alikaribia, alinusa.

"Hiyo ni fufu ya kula?"

"Ni kole."

"Na unga?"

"Tutakula ndizi."

Saa sita, mbele ya depo, njia ilikuwa imejaa mpaka kinga hazikuwa zinapita. Kataliko alikuwa amesimama ku mulango na shati ya misa. Daudi alifika na malette na askari moja mwenye alikuwa anakula karanga. Élie alisimama mbele ya mbao. Mu mufuko ya kushoto ya koti alikuwa na karatasi ya kengele ya toleka. Mu mufuko ya kuume, ile ya chumvi. Adeline alikuwa nyuma yake, kisufuria mu mukono, na alijua kila kitu kiko mufuko gani, juu yeye njo alimushikia ile koti akivitia.

"Alors?" Daudi alisema.

Kataliko alikohoa kidogo, kikohozi ya bokilo, shemeji mwenye anakumbusha.

Mukono ya Élie ilikaa hewani. Halafu iliingia kuume.

Adeline alisogea mbele na kisufuria. Alichovya kidole mu kole, alipaka ku mbao, na bwana yake alibandika. Karatasi iliingia mu tundu kama jino mu kinywa. Hata hawakuona mustari ya wembe.

"Idrissa," Élie alisema, "soma."

Idrissa alisoma. Mara hii hakutoa kofia.

Daudi njo alisema wa kwanza. "Chumvi?" Aliinama, alisoma mwenyewe, alipitisha kidole. "Ni chumvi tu? Miye silali siku mbili, mukubwa yangu anapigia simu watu juu ya mabati, na ni chumvi?"

"Ni chumvi, chef."

"Lakini..." Daudi alisimama polepole. Aligeuka ku depo. "Lakini na miye nanunua chumvi hapa."

Watu walipasuka na kicheko. Askari alicheka mpaka karanga ilimutoka. Kataliko aliinua mikono juu. "Uongo! Mwanamuke wa Mangobo mwenye hata hajulikani! Kopo yangu ni kama kopo ya watu wote!"

Ilikuwa kweli kwamba Françoise hakuwa pale. Hakuna mutu alikuwa anamujua. Watu walianza kuangaliana, na Adeline aliona vile jambo ilikuwa inataka kuteleza na kwisha mu kicheko, na kila mutu arudi kwake.

Alishika crayon. Herufi yake haikuwa muzuri, aliachia masomo mwaka wa sita. Aliandika chini ya Françoise, na Idrissa aliwasomea watu neno kwa neno kadiri ilikuwa inatoka:

*Kopo yangu pia. Niligeuza. Wenye walinunua kwangu, mukuje, nitaongeza. Adeline, dada ya Kataliko, Tshopo.*

Halafu alitoa kopo chini ya kitenge, aliiweka chini ya mbao, chini juu, mbele ya watu wote. Njaa ikitaka kuja, ije.

Kataliko hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alikaribia, alisema pole pole, kwa kinande, luga ya jikoni ya mama yao, kwamba kuanzia leo Adeline chumvi yake ataitafuta fasi ingine. Halafu kwa luga ya watu wote: "Mutoe mbao yenu ku ukuta yangu. Sasa."

Daudi alifungua malette. Ndani mulikuwa karatasi moja, kachet, ile muhuri ya ofisi, na kipande ya kwanga, mukate ya muhogo. Aliandika juu ya goti, alipiga kachet, alimupa Élie. "Gazeti inaendelea. Lakini soma chini." Chini aliandika: *Ni marufuku kutoboa.* "Ukitaka kufunika, funika. Tundu inasumbua wakubwa," alisema, na aliinua kwanga yake, aliondoka na askari yake. Ku kona alisimama, alirudi, alimuuliza Adeline kwa sauti ya chini kama na yeye anaweza kupita kuongezewa. Hapana kwa ofisi. Kwa mama watoto.

---

Mbao ilivuka muji nyuma ya kinga ya Idrissa, imefungwa na mpira, na Élie alikuwa anakimbia pembeni anaishika kama mugonjwa. Waliisimamisha mbele ya nyumba, karibu na meza ya biashara. Mufuko ndogo ya brosse ya meno ilirudi ku musumari yake.

Watu walikuja kuongezewa. Siku ya kwanza walikuja wenye walinunua. Siku ya pili walikuja pia wenye hawakununua, na Adeline alikuwa anawajua, lakini alipima na kopo ya Djamila bila kuuliza. Siku ya tatu beseni ilifika chini. Alipangusa mwisho na kiganja, alilamba kiganja, aligeuza beseni ku ukuta. Meza ilibaki na makala, kiberiti na vitunguu. Ku Makiso, watu walisema, Kataliko alikuwa ameleta kopo mupya, inangaa, na bei ya chumvi ilikuwa imepanda na kelele yote.

Djamila njo hakukuja. Kopo yake ilibaki pale ku meza, alikuwa anapita mbele yake kila asubuhi, anasalimia, anapita.

Jumatatu Élie alibandika gazeti mupya: karatasi moja tu, juu ile ya kutoka kwa Kataliko ilikuwa imekwisha, na nyuma yake kulikuwa dictée ya watoto wa masomo. Chini aliacha nafasi nyeupe. Jioni alitoka kusoma, wembe ya kuchonga crayon mu mukono, na Adeline alimuona anakawia.

"Nani ameandika?"

Élie alimuonyesha na kidole. Adeline alipangusa mikono, alikuja mwenyewe. Kulikuwa neno moja tu ku ile nafasi yote, herufi ya kusimama wima, safi kama kitenge ya mwenyewe:

*Mama Prudence, miezi saba. Umeongezea watu, nimeona. Lakini pole haikolezi pondu. Djamila, jirani.*

Watu wawili wa toleka walikuwa wamesimama nyuma yao, wanasoma pia. Mumoja alipiga mluzi kidogo. Adeline alisoma mara ya pili. Kesho asubuhi, kila mutu mwenye atakuja kununua kitunguu atasoma hii kwanza, halafu ataangalia uso yake.

"Nikate?" Élie aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tundu ni marufuku."

"Basi nipe unga kidogo. Nifunike tu mpaka Jumapili."

"Unga ni ya kula."

Alimutoa wembe mu mukono. Crayon ilikuwa inaning'inia ku mpira yake, imekuwa fupi na butu, juu Djamila alikuwa ameikandamiza na nguvu. Adeline aliishika, aliichonga polepole, ncha ikatoka ndefu na kali, aliipima ku kidole, halafu aliiachilia iruke ku fasi yake, tayari kwa mwenye atafuata.